Vitu vya Gunvor

Winifrida alikaa kwenye kidato cha mlango wa gari, viatu amevivua, akaitazama miguu yake ilivyovimba. Mbele yake kulikuwa na uwanja wa majani uliojaa magari, na nyuma ya magari banda kubwa jekundu la shambani lililogeuzwa soko. Waswidi huyaita masoko ya namna hiyo loppis. Kiangazi kikifika, penye banda tupu au uwanja wa shule, watu hutoa vyombo vya babu zao, taa, viti, vitabu, vinyago vya kila nchi waliyowahi kutalii, na watu wengine huja kuvinunua ili navyo siku moja vije vitolewe na watoto wao.

Mumewe, Optatus, alikuwa ameshaingia. Alimwambia apumzike kidogo kisha amfuate, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshafika kwenye lango la banda, amevaa kofia yake ya kiangazi, mfuko wa turubai begani, anatembea kama kijana aliyechelewa mpira.

Banda hilo lilikuwa nje kidogo ya Upplands Väsby, kaskazini ya Stockholm, na kwa Winifrida lilifanana na mabanda yote waliyokwisha kuyaona tangu likizo ianze. Walikwenda mpaka mkoa wa Dalarna, wakarudi kwa njia za mashambani, wakisimama kila walipoona ubao wenye mshale. Usiku walilala kwenye maegesho ya kando ya ziwa au kwenye viwanja vya magari ya kulala. Gari lao lilikuwa refu, jeupe, kuukuu, na kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la gesi na choo chenye upana wa kabati la nguo. Optatus alilinunua majira ya kuchipua, miezi michache baada ya kustaafu.

Optatus alikuja Uswidi kijana, akitokea Bukoba, kujifunza ufundi wa mitambo. Alikuja kwa mafunzo mafupi, maisha yakamshika. Alimaliza miaka yake ya kazi akitengeneza lifti za majengo marefu ya Stockholm. Siku ya kwanza ya kustaafu aliamka alfajiri kama kawaida, akaoga, akavaa, akakaa jikoni huku mikono ameiweka mezani. Siku ya pili vilevile. Winifrida alikuwa akimwacha pale anapokwenda kazini, na akirudi anamkuta palepale, ila amekunja mikono. Baada ya hapo Optatus akaanza kutengeneza vitu. Alimaliza vya nyumbani kwao Sundbyberg, akamaliza vya majirani, hata wale ambao hawakumwomba. Kisha akagundua saa za zamani za ukutani, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu aliye hai. Ndiyo maana Winifrida hakumkatalia gari. Hakumkatalia hata stoo yao ya chini ya jengo ilipojaa cherehani za mkono, taa za mafuta na mashine za kusagia kahawa. Mtoto wao Clinton, aliyekuwa akifanya kazi Göteborg, alipopigiwa simu aje achukue chochote anachotaka, alijibu kwa Kiswidi, kwa adabu, kwamba hana pa kuweka.

Lakini likizo hii Winifrida alikuwa ameingoja mwaka mzima kwa jambo moja tu, nalo ni kulala. Alikuwa akihudumia wazee majumbani. Alipita nyumba hadi nyumba, akiwaamsha, akiwaogesha, akiwapa dawa, akiwapikia uji wa shayiri, akiwageuza na kuwanyanyua. Mgongo wake ulishajua uzito wa kila mtu. Alikuwa amejichorea picha ya pazia lililofungwa na simu iliyozimwa. Optatus akamwambia kwamba kwenye gari atalala apendavyo, maana kitanda wanakwenda nacho. Ilikuwa kweli, kitanda walikwenda nacho. Ila walikwenda na Optatus pia, na Optatus aliamka kabla ya ndege, kwa sababu vitu vizuri huwahiwa.

Winifrida akavaa viatu vyake, akaingia bandani.

Ndani mlinukia vumbi, mbao za kale na kahawa iliyokaa sana kwenye chupa. Alipita polepole katikati ya meza, akiitikia kwa kichwa wauzaji waliomsalimu, asione alichokuwa akikitazama. Kwenye kona, juu ya meza pana, kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: *Dödsbo, Sundbyberg*. Mali ya marehemu. Maandishi ya namna hiyo alikuwa ameyaona katika kila banda na hayakumshtua. Jina la mji wake ndilo lililomfanya asimame.

Kwanza aliona birika la kahawa la rangi ya kijani. Mabirika kama yale yalikuwa katika nusu ya nyumba alizozihudumia. Kisha akaona sinia la mbao lenye picha ya meli, akagutuka kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mbali. Halafu, chini ya meza, akaona kigoda.

Kilikuwa kigoda kifupi cha kuwekea miguu, chenye mto uliofumwa kwa sufu, matunda mekundu juu ya rangi ya maziwa. Kwenye pembe moja ya mto palikuwa pameshonwa kwa uzi wa kahawia. Uzi huo aliushona yeye. Asubuhi moja ya baridi pamba ilianza kuchomoza, na ndani ya kopo la nyuzi la bibi Gunvor hapakuwa na uzi mwekundu.

Winifrida aliinama akakichukua, akakigeuza, akakipapasa.

Gunvor alikuwa mzee wake wa kwanza wa asubuhi, miaka kadhaa sasa. Kila siku alimketisha kwenye kiti chake cha dirishani, akaiweka miguu yake juu ya kigoda kile, akamvalisha soksi za kubana zinazozuia uvimbe. Ni kazi inayotaka vidole gumba vyenye nguvu na subira, na wakati Winifrida akivuta, Gunvor huzungumza. Alisimulia enzi zake za kukata tiketi kwenye tramu, zile treni za barabarani za Stockholm, na marehemu mumewe ambaye hakupenda kwenda popote. Alimuuliza habari za Clinton. Alimfundisha maneno ya Kiswidi yasiyofundishwa darasani, ya kuwaambia wanaume wanaokusukuma kwenye tramu. Ukifika mlangoni kwake asubuhi na theluji mabegani, kabla ya yote hukuambia uketi kwanza upate joto. Wachache walimwambia Winifrida aketi.

Sasa vitu vyake vilikuwa mezani, juu yake neno la marehemu.

Winifrida akamuuliza muuzaji, mwanamume mnene mwenye suruali ya kazi, kama anajua mwenye vitu hivi alikuwa nani na amefariki lini. Yule bwana akasema hajui. Wao huitwa kusafisha nyumba, hubeba kila kilichomo, huuza kinachouzika. Mzigo huu umetoka Sundbyberg juzijuzi. Akamuuliza kwa upole kama anakitaka kigoda. Hapo ndipo Winifrida alipotambua kwamba alikuwa amekikumbatia kifuani.

Optatus akatokea upande wa pili wa meza, macho yanang'aa, mikononi ameshika saa ya ukutani yenye kioo cha duara. Akaanza kumweleza kuhusu mashine yake, kwamba haina kutu hata kidogo, kwamba tatizo lake ni dogo tu, inachelewa, na mtu akiirekebisha itadumu kuliko wao wote wawili. Winifrida aliijua saa ile. Ilikuwa ukumbini kwa Gunvor, na ilikuwa ikigonga wakati nyingine zote zimeshagonga.

"Irudishe, Baba Clinton," akasema.

"Kwa nini? Hebu itazame kwanza."

"Ni ya Gunvor."

Optatus alimjua Gunvor kwa jina tu, kutokana na hadithi za mezani wakati wa chakula cha jioni. Alimtazama mkewe, akatazama kigoda, akatazama kile kipande cha boksi. Akairudisha saa mezani taratibu, kioo kikiwa juu. Akatoa pochi, akalipia kigoda bila kuulizia kupunguziwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu safari ianze, akamshika mkewe mkono wakatoka.

Ndani ya gari Winifrida hakulia. Alikaa kwenye kiti cha mbele akahisi uchovu wake wote wa mwaka umemjia kwa pamoja, mzito kama blanketi lililolowa. Katika kazi yake watu hufa. Alikwisha kuzoea kufika asubuhi na kuambiwa kwamba nyumba fulani asiende tena. Lakini siku zote kulikuwa na mtu wa kumwambia. Hakuwahi kujulishwa na meza.

Akampigia simu Wamaitha, Mkenya aliyefanya naye kazi, mwanamke wa Nyeri mwenye sauti kubwa ambaye hakuwahi kukosa habari. Wamaitha akapokea akiwa mbioni, pumzi zinasikika. Winifrida akamwambia amepata habari za Gunvor, na kwamba amesikitika hakuna aliyempigia.

"Habari gani, dada?"

"Kwamba amefariki."

"Nani amekuambia amekufa?" Wamaitha akasimama, maana pumzi zilitulia. "Gunvor hajakufa. Alianguka jikoni, wakampeleka hospitali. Mguu haukuwa mzuri, hawezi tena kukaa peke yake. Mpwa wake akamtafutia nafasi kwa makao ya wazee karibu na kwake, huko Flemingsberg. Ako huko sasa. Si tuliambiwa tusiwasumbue nyinyi mlio likizo?"

Winifrida alishukuru akakata simu. Kwanza ilimjia furaha, akafunika uso kwa viganja vyake. Nyuma ya furaha ikaja hasira, nayo ikamwamsha kabisa. Mtu yuko hai, anapumua, na vitu vyake vimeandikwa vya marehemu, vinashikwashikwa na kila apitaye. Huyo mpwa alikuja mara moja kwa mwaka, karibu na Krismasi, na hakuwahi kuvua koti.

Akamwambia Optatus kwamba anataka kwenda Flemingsberg.

Optatus alikuwa amepanga waelekee kaskazini, kwenye loppis nyingine aliyokuwa akiizungumzia tangu Dalarna. Alitazama barabara kwa muda, kisha akawasha gari. "Twende," akasema.

Flemingsberg ilikuwa upande wa pili wa jiji, kusini kabisa. Walishuka na barabara kuu, wakaingia kwenye msongamano, wakavuka madaraja, maji ya ziwa chini yao yakimetameta na mashua za watu walio likizo kwelikweli. Nyuma, vyombo vya Optatus viligongana kila gari lilipofunga breki. Njia nzima Winifrida alikuwa akipanga maneno ya Kiswidi atakayomwambia yule mpwa, akiyapanga upya, akitafuta neno kali zaidi lisilo tusi. Kigoda kilikuwa mapajani mwake.

Makao yenyewe yalikuwa jengo la matofali ya njano, nyuma ya majengo ya hospitali kubwa. Gari lao halikuingia kwenye nafasi yoyote, kwa hiyo Optatus aliliegesha likachukua nafasi mbili, akashuka akiomba radhi kwa uwanja mtupu. Muuguzi kijana aliwafungulia, akasikia jina la Gunvor, akatabasamu, akawaonyesha mlango.

Mpwa hakuwepo. Chumbani mlikuwa na kitanda, kiti, meza ndogo na dirisha. Ukutani hapakuwa na kitu. Gunvor alikuwa kwenye kiti cha magurudumu dirishani, amepungua, nywele zake zimekatwa na mtu asiyemjua. Aligeuka. Akamtazama Winifrida kitambo.

"Likizo yako haijaisha," akasema.

Winifrida akasema kweli, haijaisha. Akamwekea kigoda mbele yake. Akaanza kueleza alipokipata, lile banda, ile meza, lile neno kwenye boksi, na kadiri alivyoeleza sauti ilizidi kupanda. Akasema haikuwa haki kumfanyia mtu vile. Akasema saa pia iko pale, na birika, na kwamba kama Gunvor anataka, leo hii watarudi kuvichukua.

Gunvor alisubiri mpaka alipomaliza.

"Neno hilo wauzaji huliandika kwenye kila mzigo. Na mimi ndiye niliyemwambia mpwa wangu avitoe vyote," akasema. "Alitaka kuniletea kabati. Nikamwambia, ukileta kabati nitaanguka tena kusudi."

"Vyote?"

"Nimevifuta vumbi vitu vile tangu nilipoolewa, Winifrida. Nimechoka navyo."

Winifrida akatazama chini. "Hata kigoda?"

"Hicho alikifuma mama mkwe wangu. Hakunipenda, na mimi sikukipenda kigoda chake hata siku moja. Kilikaa kwa sababu wewe ulikihitaji."

Winifrida aliketi ukingoni mwa kitanda. Hasira aliyokuja nayo kutoka upande mwingine wa jiji haikuwa na mahali pa kukaa, na ilipoondoka aliona kilichokuwa chini yake, kitu kidogo, cha kitoto, ambacho alikionea aibu hata kukisema. Alikisema hivyohivyo.

"Hukuniaga."

Gunvor akanyoosha mkono, ule mkono wake mwepesi wenye madoa, akauweka juu ya wa Winifrida. "Niliuliza uko wapi. Wakasema uko likizo, je, wakupigie? Nikasema hapana. Nikasema mwacheni mtoto wa watu alale."

Winifrida akacheka kidogo. Akamwambia kwamba hajalala. Akamwambia habari za Dalarna, za mabanda, za mumewe na saa zake, za kuamka kabla ya ndege. Gunvor akasikiliza huku akimtazama Optatus, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Huyu ndiye wa saa?" akauliza.

Optatus akaja, akainama, akamsalimu kwa mikono miwili kama anavyosalimu wakubwa wa kwao. Akamwambia ameiona saa yake na kwamba kuchelewa kwake ni jambo la kurekebishika. Gunvor akasema ilichelewa tangu enzi za mumewe na haikumdhuru mtu. Kisha akaelekeza kidole dirishani. Akauliza lile gari jeupe lililoegeshwa vibaya ni la nani. Alipoambiwa, akasema hajawahi kuingia ndani ya gari la namna ile. Mume wake aliona kusafiri ni kupoteza nguvu. Akauliza kama humo mna kahawa.

Muuguzi kijana hakukataa. Aliwasaidia mpaka mlango wa nje, akaitwa na kengele ya chumba kingine, akawaacha. Walimsukuma Gunvor uwanjani hadi kwenye mlango wa gari, na hapo wakakikuta kidato, ambacho kilikuwa juu. Optatus akashauri wakilete kigoda akanyage. Winifrida akasema kitapinduka. Watamnyanyua.

Alikuwa amejiapiza kwamba likizo hii hatanyanyua mtu. Sasa alijikuta akikunja mikono ya blauzi, na sauti yake ikabadilika bila yeye kutaka, ikawa ile ya kazini. Alimwambia Optatus akunje magoti, si mgongo. Apitishe mkono huu chini ya mapaja, asimvute begani. Asubiri. Mtu huambiwa kwanza atakachofanyiwa. Akamwambia Gunvor wanampandisha sasa, aegemee kifuani pake. Wakanyanyua.

Gunvor alikuwa mifupa mitupu, na bado alikuwa mzito, maana mtu asiyeweza kujisaidia huwa mzito kuliko mwili wake. Walipita mlangoni kwa ubavu. Optatus aligonga kichwa juu lakini hakuachia. Walipomketisha kwenye benchi la kando ya meza, alishika ukingo wa jiko akatafuta pumzi, jasho linamtiririka, mikono inamtetemeka. Mikono hiyo ilibeba mota za lifti miaka na miaka. Winifrida alikuwa ameshapiga magoti akimwekea Gunvor mto mgongoni.

Optatus ndiye aliyechemsha kahawa, akatoa na biskuti. Gunvor aliangaza ndani ya gari, kitanda cha juu, pazia, kabati dogo la choo, akasema pazuri. Kisha akaona vile vitu. Cherehani nyuma ya kiti. Taa zilizofungwa kwa taulo. Maboksi ya saa chini ya benchi, ambayo miguu yake ilikuwa imeyaegemea.

"Vya nani vyote hivi?"

"Vyangu," Optatus akasema.

"Una watoto?"

"Mmoja, mama."

"Anavitaka?"

Optatus akakoroga kahawa yake kwa muda mrefu, ingawa hakuwa ametia sukari. "Hapana," akasema.

Gunvor akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akaomba biskuti nyingine. Alizungumza kidogo juu ya tramu, akaharibu hadithi katikati, akaianza upya. Jua la alasiri liliingia kwa dirisha la pembeni likamlalia shingoni. Baada ya muda kidevu chake kikashuka. Winifrida aliiweka sawa shali yake, akaegemeza kichwa chake mwenyewe mezani kwa dakika moja tu, na hakukumbuka kilichofuata. Baadaye Optatus alimwambia kwamba alikaa pale katikati ya wanawake wawili waliolala, kikombe kitupu mkononi, akiogopa kukiweka chini kisije kikatoa sauti.

Walimshusha Gunvor kwa namna ileile, na safari hii Optatus hakuhitaji kuelekezwa. Kigoda walikiacha kwenye sebule ya wazee, ambako bibi mmoja mfupi, miguu yake haifiki sakafuni, alikivuta upande wake kabla hata hawajaaga. Gunvor akamwambia Winifrida aje siku ambayo amelala vizuri, si kabla ya hapo.

Walirudi barabarani, wakafika kwenye madaraja.

"Unafanya vile kila siku?" Optatus akauliza.

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Wakizidi uzito tunakuwa wawili. Kukiwa na watu."

Optatus akaendesha. Winifrida alimwona akitaka kusema jambo na kulimeza, akalitaka tena akalimeza. Alikuwa mtu wa kutengeneza, na hapa hapakuwa na bisibisi. Winifrida akaona asimwache ahangaike, na kwamba asiposema sasa atajikuta kesho asubuhi kwenye banda jingine.

"Baba Clinton, mimi nishushe nyumbani. Wewe endelea na safari."

Taa ikawa nyekundu, Optatus akasimama, ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi.

"Umechoka na mimi?"

"Nimechoka. Si na wewe. Nimechoka tu, nataka kulala kwenye kitanda kisichokwenda popote."

Alisema bila ukali, na labda ndiyo maana maneno yalimwingia. Optatus alimfikisha mpaka mlangoni Sundbyberg, akambebea begi lake hadi juu, akafunga mapazia ya chumbani yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, akaangalia kama kuna mwanga unaopenya. Usiku huo alilala nyumbani. Asubuhi alipoamka kabla ya ndege alitoka na viatu mkononi, avivalie nje.

Alikaa kaskazini siku kadhaa. Kila jioni alipiga simu, akaeleza barabara na hali ya hewa. Simu ya mwisho ilikuwa tofauti kidogo. Alikuwa amekodi meza kwenye loppis moja na kutoa saa alizozitengeneza, akasimama nyuma yake kutwa nzima akiwaeleza watu namna ya kuzitia ufunguo. Zilikwenda nyingi. Alisema watu ni wengi wanaopenda kuzungumza, kwamba hakujua. Aliporudi gari lilikuwa jepesi zaidi, ijapokuwa nyuma ya kiti palikuwa na gramafoni isiyo na pembe, ambayo Winifrida aliiona akaamua kuinyamazia.

Yeye alilala. Siku za kwanza alilala kama mgonjwa, akaamka na uso umekunjika, akanywa maji, akarudi. Alidhani akishalala vya kutosha ataamka mtu mwingine. Haikuwa hivyo. Uchovu ulipungua, lakini haukutoka, na akakubali kwamba mwingine ni wa umri, mwingine ni wa nchi, mwingine ni wa kazi yenyewe, na kitanda hakiwezi vyote. Siku aliyojisikia nafuu alipanda treni ya abiria mpaka Flemingsberg. Alimkuta Gunvor amevalishwa soksi vibaya, mkunjo umekaa kwenye kifundo cha mguu. Alipiga magoti akazivua, akazivalisha upya, na Gunvor akaendelea na ile hadithi ya tramu pale alipoiachia.

Likizo ilipokwisha Winifrida alirudi kazini. Mzunguko wake wa asubuhi ulikuwa kwenye jengo lilelile, na alipokuwa akipanda ngazi alipita mbele ya mlango wa Gunvor. Kibao kilikuwa na jina geni. Nje ya mlango palikuwa na viatu vidogo vya mtoto na baiskeli ya magurudumu matatu, na ndani mtu alikuwa akipigilia msumari ukutani, akiacha, akipigilia tena. Winifrida alisimama kidogo kuvuta pumzi, mkono kwenye reli. Kisha akaendelea mpaka ghorofa ya juu, kwa mzee aliyepewa badala yake, akabonyeza kengele, akangoja, maana aliambiwa huyo hutembea polepole.